Punje Kwenye Sikio la Mama

Kendwa, 6 Oktoba 2024

Mama Mkubwa Mwanakheri,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeshapumzika baada ya pilikapilika za matanga, na kwamba ule uvumi unaokuvumia masikioni umekupa nafasi ya kulala. Mimi mzima. Hoteli imejaa Wataliano na chumba changu cha tiba hakikauki watu. Wote wanataka kudungwa sindano za sikio, nusu yao kwa sababu hawalali na nusu kwa sababu wenzao wamedungwa.

Nakuandikia kwa kuwa simu huisikii, na maandishi ya simu unasema yanakuumiza macho. Machano, anayeteremka Darajani kila wiki kununua mboga za hoteli, amekubali kuwa tarishi wetu. Ni mtu wa Matemwe, hana maneno mengi. Ukiandika jibu mpe yeye mkononi.

Nina mambo mawili. La kwanza ni siku aliyofariki mama. Nilifika Mkunazini kabla hajaoshwa. Mimi ndiye binti yake wa pekee na nilitaka kummiminia mama yangu maji ya mwisho. Wewe ulisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, ukaniwekea mkono kifuani, ukasema, "Hutoweza wewe. Kakae na wenzio." Nilikaa na wenzangu. Lakini nimesoma miaka mitano China, nimeingia vyumba vya maiti kule, na wewe unajua kwamba ningeweza. Kwa nini ulinizuia?

La pili ni Masoud. Ndugu yangu wa tumbo moja, yuko Tunguu hapo, hapokei simu yangu. Nilimpigia mkewe, naye akanambia "Subiri" kisha akakata. Nisubiri nini? Hata matangani wanawake walikuwa wakinyamaza kila nikiingia na sufuria. Wewe lazima unajua linalosemwa, maana mtaa ule hakuna neno linalopita bila kukaa kwanza barazani kwako.

Arubaini ya mama imekaribia. Nataka nije, niingie ndani na nipike kama mwenye msiba, nisiwe mgeni wa mlangoni nyumbani kwa mama yangu.

Mwanao,
Shadya


Mkunazini, 19 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Shadya,

Marahaba. Barua yako imefika. Mimi mzima wa kusimama, si zaidi ya hapo. Maji ya bomba yamekatika tangu Jumatatu na tunachota kwa jirani. Bi Saroj wa duka la viungo anakusalimu. Bintiye Urvi kajifungua mtoto wa kiume, na tangu hapo duka linafunguliwa akijisikia. Paka wa mama yako nimemchukua mimi, anakula kuliko mtu.

Umeuliza, basi nitakujibu, ingawa ungekuwa na haya usingeuliza.

Nimeosha wanawake wa mtaa huu tangu mama yako hajaolewa. Maji ya josho lazima yafike kila penye ngozi, kwa hiyo mwosha anatazama hata katikati ya vidole, hata nyuma ya sikio. Nilipofika kwenye sikio la kushoto la mdogo wangu nikakuta vipande vidogo vya plasta, na chini ya kila kipande kuna punje. Ikanibidi nivibandue kimoja kimoja kwa ukucha ili maji yapite. Badria ndiye aliyekuwa akinimiminia maji, akaona. Akasema, "Hizi si za Shadya hizi?" Nikamwambia, "Za nani tena?"

Basi hilo ndilo linalosemwa. Kwamba mama yako Tahiya alikonda mwaka mzima mbele ya macho ya watu, na mwanawe msomi akambandika nafaka masikioni badala ya kumshika mkono kumpeleka hospitali. Masoud kayasikia hayo na amekasirika, na mimi siwezi kumwambia asikasirike, mama ni wake pia. Hivi si wewe uliyerudi kutoka China ukatukusanya sebuleni, ukatushika masikio mmoja mmoja, ukatwambia sikio halifichi kitu? Sisi tukayaamini hayo na tukawatangazia watu. Sasa nambie, la mama yako lilikwambia nini?

Kwenye arubaini usije. Waache watu wapoe kwanza.

Mama yako mkubwa,
Mwanakheri


Kendwa, 22 Oktoba 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari ya Urvi, nifikishie pongezi zangu kwa Bi Saroj. Paka usimpe dagaa wa chumvi, mama alikuwa hampi.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Nitakujibu kwa utaratibu, maana nikijibu kwa hasira nitakukosea adabu.

Mimi mama nilimwekea punje mara moja tu, mwezi wa Rajabu uliopita, kwa ajili ya usingizi. Nikukumbushe namna ninavyofanya. Sikio limekaa kama mtoto tumboni, kichwa chini. Ndewe ni kichwa na uso, lile tuta la ndani ni mgongo na kifua, shimo la kati ni tumbo na moyo. Sibandiki kwa kukisia. Kwanza natazama rangi ya ngozi, kisha nachukua kijiti changu cha chuma chenye ncha butu na kubonyeza taratibu, hatua kwa hatua, na pale mtu anaposhtuka ndipo ninapoweka. Watu wawili wanaokosa usingizi siwawekei mahali pamoja, kila mmoja sikio lake lina pake. Mama nilimwekea kwenye lango la roho, kile kishimo cha pembetatu cha juu, na moja ya moyo. Nilimwekea sikio la kulia, la kushoto likapumzika. Na punje hizo hazikai. Kwa joto letu hili na udhu mara tano kwa siku, plasta hubanduka yenyewe kabla wiki haijaisha. Mama kafariki Septemba, punje za Rajabu zingekuwa zinafanya nini pale?

Baada ya siku ile hakuniruhusu tena. Kila nikija nilikuta kajifunga mtandio mpaka kidevuni, mara ana mafua, mara kichwa kinamgonga. Idi Kubwa nilimtania, nikamwambia, "Mama, umenunua vipuli vipya hutaki kutuonesha?" Akacheka, akaniongezea pilau. Nikamwambia amekonda, akanijibu kwamba daktari kamkataza vya sukari na sasa anajipenda. Nikamwamini. Nani hamwamini mama yake akiwa anapakua pilau?

Kwa hiyo hizo punje ulizozikuta, nani alimwekea? Nieleze zilikuwa wapi hasa kwenye sikio, na kama hukuzitupa nakuomba unitumie.

Arubaini keshokutwa. Sitakuja, kwa kuwa umenikataza. Nitasoma Yasini yangu hukuhuku kwenye chumba cha wafanyakazi, wenzangu wakitazama mpira.

Mwanao,
Shadya


Mkunazini, 1 Desemba 2024

Kwa mwanangu Shadya,

Marahaba. Machano wako kapita hapa kila wiki akiulizia jibu, nikawa namwambia sijaandika, naye anasema "Haya" na kwenda zake. Kweli hana maneno. Nilikuwa nauguza goti. Arubaini ilikwenda vizuri, watu walijaa mpaka kwenye ngazi, na Masoud aligharimia kila kitu. Walioulizia habari zako niliwaambia uko kazini. Hawakuwa wengi.

Umenieleza sikio kana kwamba mimi ni mmoja wa Wataliano wako. Lango la roho nalijua lilipo. Si ndipo uliponibandika mimi kwa ajili ya uvumi huu, ukaniachia kibano na pakiti nzima ya punje nijiwekee mwenyewe? Nilijiwekea nikachoka, na mpaka leo kichwani kwangu kuna mashine ya kusaga.

Punje za mama yako sikuzitupa. Kilichotoka kwenye mwili wa maiti hakitupwi jaani. Ilikuwa zizikwe naye lakini kwa shughuli za siku ile zikasahaulika kwenye ukingo wa dirisha. Nimezifunga ndani ya kipande cha bafta kilichobaki kwenye sanda yake, nampa Machano. Moja ilikuwa kwenye lango la roho. Nyingine zilipangana juu ya tuta la ndani, pale unapopaita kifua, na nyingine zilikuwa nyuma ya sikio, mkabala na hizo za mbele. Zilipangwa sawasawa, wala hazikuwekwa na mtu asiyejua. Zitazame kwa macho yako, halafu uniandikie kwamba si elimu yako hiyo.

Mama yako mkubwa,
Mwanakheri


Kendwa, 8 Desemba 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Pole na goti. Weka maji ya moto na chumvi, na usipande ile ngazi ya darini.

Nilifunga mlango wa chumba cha tiba nikafungua kile kitambaa juu ya meza ninayolazia wageni. Nililia kwanza, sikufichi, kwa sababu ya bafta. Kisha nikawasha taa.

Hizi si punje zangu. Zangu zinatoka China, ni nyeusi na za mviringo, laini, ukiziweka kiganjani zinateleza. Hizi zina pembe. Niliisugua moja kwa kidole ikatoa harufu, na harufu hiyo naijua tangu nilipokuwa mtoto nakohoa. Ni habasoda.

Hakuna kitabu nilichosoma chenye habari ya habasoda kwenye sikio. Walimu wangu kule hata hawaijui. Hilo ni wazo la mtu wa huku kwetu, mtu ambaye punje za kichina zimemwishia na hataki kuomba nyingine, akatazama jikoni akaona kitu cheusi kidogo kama zile, tena kitu ambacho tumefundishwa wote kwamba ni dawa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Nani angemlaumu kwa kufikiri hivyo? Lakini pembe zile zinachoma. Mgonjwa anaambiwa abonyeze punje mara kwa mara mpaka sikio lipate moto. Mama alikuwa akibonyeza pembe, Mama Mkubwa, kila siku, kwenye ngozi isiyo na nyama.

Halafu kuna mahali penyewe. Pale kwenye tuta, kifuani, mbele na nyuma yake, mimi huweka kwa jambo moja tu, nalo ni titi. Nimewahi kuwaelezea nyinyi nyote siku ile ya sebuleni, nilipokuwa najionesha. Mtu aliyeziweka hakuwa akitafuta usingizi. Alijua kwamba mama ana kitu kwenye titi. Mimi nilikuwa sijui.

Wewe ndiye uliyemwosha. Uliona nini?

Shadya


Mkunazini, 20 Januari 2025

Kwa mwanangu Shadya,

Marahaba. Mwaka mpya umeingia na sherehe za Mapinduzi zimepita na mizinga yake, na mimi nimeona moshi tu. Goti limepoa. Masoud kaja na watoto, yule mdogo kaanza kuongea na ananipigia kelele mdomo kwa sikio, kaambiwa bibi hasikii. Bi Saroj anapaka duka rangi ya kijani, mbaya kupita kiasi.

Nimechelewa kwa sababu sikuwa na la kukuandikia. Hata sasa sina.

Mwosha haelezi alichokiona. Wanaokuja kuniita usiku na mchana wananiita kwa sababu hiyo. Nimeosha maharusi na nimeosha vikongwe, nimeona majeraha ya waume zao na mimba wasizozisema, na hakuna aliyesikia kitu kutoka kwangu. Mume haambiwi, na mtoto pia haambiwi. Mwili wa mama yako ni amana kama miili mingine, na ukiniuliza mara kumi nitakujibu mara kumi hivihivi.

Habasoda iko kila nyumba. Bi Saroj anamuuzia kila mwenye shilingi. Mama yako alikuwa na akili zake na mikono yake, alikusikia siku ile ukihubiri kama sisi sote, na hakuna aliyemfunga asijiwekee anachotaka.

Wewe una miaka thelathini na mitatu. Ungelitumia akili hizi kutafuta mume kuliko kufukua kaburi.

Mama yako mkubwa,
Mwanakheri


Kendwa, 2 Februari 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Watoto wa Masoud sijawaona tangu matangani. Nimesoma habari zao kwenye barua yako kama habari za watu wa gazetini.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliacha kushona kofia kwa sababu hiyo, na katika zile za mwisho wewe ndiye uliyekuwa ukimtungia uzi. Nilikuwa nikiwatania, nawaambia mmoja haoni na mwengine hasikii, mkikaa barazani mnatimia mtu mmoja. Mtu asiyeona tundu la sindano hawezi kushika punje ya habasoda kwa kibano, akaiweka katikati ya plasta, akaipeleka nyuma ya sikio lake mwenyewe na kuipanga mkabala na ya mbele. Mimi niliyesomea siwezi kujifanyia hivyo. Inataka mkono wa mtu mwengine.

Kibano nilimwachia nani? Pakiti nilimwachia nani? Nani alikuwa akija kwa mama kila alasiri akafunga mlango wa ngazi nyuma yake?

Ni wewe. Nimeliandika, sasa limo kwenye karatasi na mbingu haijaanguka.

Usinambie habari ya amana. Ulichokiona juu ya kitanda cha josho ni amana, nami nimekosea kukuuliza. Lakini hili hukuliona pale kwa mara ya kwanza. Ulilijua akiwa hai, akiwa anatembea, akiwa ananipakulia pilau. Siri ya mtu aliye hai na mgonjwa haihifadhiwi hivyo. Ungenambia Rajabu, au hata Idi Kubwa, ningembeba mgongoni mpaka hospitali huku ananitukana. Na ndiyo maana ulinizuia mlangoni siku ile. Hukuwa ukinionea huruma, uliogopa nisije nikaona.

Naweza kuelewa kwamba ulimwekea punje. Alikuwa na maumivu na ulikuwa na mikono. Nikikaa sana naweza kukulilia hata wewe. Nisichoweza kukimeza ni kwamba Badria alipouliza, ulisema "Za nani tena?" Kisha ukaacha mtaa mzima useme, ukamwacha Masoud aseme, ukanikataza arubaini ya mama yangu, na bado ukaniandikia mimi kuniuliza sikio lilinambia nini. Ulikuwa unajua huku unaandika!

Nikimwambia Masoud hataniamini. Wewe ni Bi Mwanakheri, mimi ni yule anayewashikashika wageni masikio hotelini. Basi mwambie wewe. Sitaki kingine.

Shadya


Mkunazini, 24 Februari 2025

Kwa mwanangu Shadya,

Marahaba, ingawa katika barua yako shikamoo ilikuwa ya mdomo tu. Shaabani inakwisha. Nimenunua tende na tambi mapema, maana bei itapanda. Nyumba ya mama yako Masoud anataka kuipangisha. Nimemwambia angoje mpaka baada ya Idi.

Wiki iliyopita waliniita kuosha Malindi, nikawaambia goti. Goti halina kitu. Nilipofikiria kunyanyua sikio la mtu nilihisi mikono inakuwa ya mtu mwengine. Sasa Badria ndiye anayekwenda.

Bibi yenu alikatwa titi hospitali, wewe hujazaliwa. Alirudi na bendeji, akalala kwenye chumba kilekile cha nyuma, na sisi wawili ndio tuliokuwa tukimbadilisha. Hakumaliza mwezi. Mama yako alipoliona la kwake alinifunulia mimi peke yangu. Nilimwambia twende kwa Shadya. Akanishika mkono, bado nauhisi, akasema, "Dada, Shadya asiniguse. Akinigusa sikio tu ashajua. Na akishajua ntakatwa kama mama." Akaniapisha kwa mama yetu. Ndipo akaanza kujifunga mtandio. Hakuwa akilificha titi, mwanangu, titi lina nguo. Alikuwa akikuficha sikio.

Alikuamini kuliko daktari yeyote. Nami nilikuamini. Nikafikiri, ikiwa kijana huyu kwa punje hizi anawalaza watu wasiolala, basi kwa nini zisimpunguzie na mdogo wangu? Nilikumbuka ulipopaonesha. Mwanzo alisema anapata nafuu, akawa analala. Punje zako zikaisha mwezi wa Mei. Nisingeweza kukuomba nyingine, ungeuliza za nini. Yaliyobaki umeshayasema.

Siku ile Badria aliponiuliza, maiti ya mdogo wangu iko mbele yangu na maji yanamwagika. Nilisema neno lililokuwa karibu. Na kwa asili elimu ilikuwa yako.

Nshazungumza na Masoud. Atakupigia kabla ya mwezi kuandama. Ramadhani inaingia na watu wote wanaombana msamaha, basi na sisi tusameheane kwa tunayoyajua na tusiyoyajua. Njoo ufuturu kwangu siku moja. Ntapika vipopoo vya tui la nazi.

Mama yako mkubwa,
Mwanakheri


Kendwa, 28 Februari 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na hii ni ya moyoni, kwa sababu uliniandikia maneno ya mama kama alivyoyasema na nimeisikia sauti yake.

Masoud kanipigia jana. Alikuwa mpole, kaniuliza habari za kazi, kanipa watoto nikawasikia. Kisha akasema, "Mama Mkubwa katuita. Kasema tukusamehe, ulifanya kwa mapenzi, hukukusudia. Mimi nshakusamehe, dada." Kumbe ulichomwambia ni hicho. Nimesamehewa jambo ulilolifanya wewe.

Sikumsahihisha. Ningesahihisha, angekupoteza na wewe, na hana mama mwengine aliyebaki. Kwa hiyo sasa nina ndugu tena, naweza kuingia nyumbani na kupika, na watu watanipisha kwenye ngazi na kuniangalia kwa huruma. Nitafuturu kwa Masoud. Vipopoo vyako sitakuja kuvila, si mwaka huu. Nampa Machano pakiti ya punje kwa ajili ya uvumi wako. Ni zile za mviringo.

Lakini kuna jambo moja ambalo hulijui, na mama alikufa halijui, na sasa nitakuwa nalo peke yangu nisipokwambia. Niliporudi kutoka China nilikuwa nimekaa miaka mitano mbali, mmejinyima kwa ajili yangu, na nilitaka mnione nimeleta kitu. Ndipo nikasema sikio halifichi kitu. Lilikuwa neno la kupendeza, na nyinyi mkalipenda. Kazini hatusemi hivyo. Sikio likibonyezwa linanionesha panapouma, wala halinambii kwa nini. Nimebonyeza mahali pale pa kifua kwa mamia ya wageni na wengi wameshtuka, na walikuwa wamechoka tu na safari.

Mama angevua mtandio siku ile ya Idi Kubwa, ningembonyeza pale pa kifua kwenye sikio lake. Angeshtuka. Nami ningecheka, ningemwambia amelalia ubavu vibaya, kisha ningeendelea kula.

Shadya